Petra tou Romiou, Kupro: jinsi ya kufika, kutazama na kuogelea kwenye ufuko wa Aphrodite

Wageni wengi hufika Petra tou Romiou jua likiwa la utosi. Wanashuka, wanapiga picha mbili tatu wakiwa chini kabisa karibu na mwamba, wanajikwaa kwenye kokoto, na nusu saa haijaisha wameshaondoka wakiulizana sifa zote zile zilitoka wapi. Ufuko hauna kosa. Wamefika saa mbaya, wamesimama pabaya, na hakuna aliyewaambia wanatazama nini. Yote matatu yanarekebishika ukiipanga vizuri nusu siku moja.

Mahali penyewe ni pwani ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Kupro, kando ya barabara ya zamani, B6, inayounganisha Paphos na Limassol. Kutoka Kato Paphos, yaani upande wa bandarini wa mji, ni kama kilomita 25. Kutoka uwanja wa ndege wa Paphos ni kama 15, na kutoka Limassol kati ya 45 na 50 kutegemea unakoanzia. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua Paphos kwa jina la Pafo: ndiko Paulo na Barnaba walikokutana na Elima mchawi, Matendo ya Mitume sura ya 13.

Kabla ya kukata tiketi

Anza na viza. Kupro imo katika Umoja wa Ulaya tangu 2004 na inatumia yuro tangu 2008, lakini mambo hayo mawili hayamaanishi kwamba viza yoyote ya Ulaya inakuingiza. Kwa miaka mingi Kupro imetoa viza yake yenyewe, huku ikiwakubali wenye viza ya Schengen, ile viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia mara mbili au zaidi, kwa sharti kwamba wameshaitumia kuingia nchi ya Schengen kwanza. Viza ya Schengen ya kuingia mara moja huwaangusha watu hapa. Taratibu hizi hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozi wa Kupro unaohudumia nchi yako kabla hujalipa chochote kisichorudishwa.

Mtego wa pili ni wa tiketi yenyewe, nao huwanasa sana wasafiri wa Afrika Mashariki wanaopenda kupitia Istanbul. Ndege za kutoka Uturuki haziendi Larnaca wala Paphos. Zinatua Ercan, kaskazini mwa kisiwa, sehemu isiyo chini ya mamlaka ya Jamhuri ya Kupro tangu 1974. Jamhuri haiitambui Ercan kuwa mlango halali wa kuingilia. Raia wa Kenya au Tanzania aliyeingilia huko anaweza kurudishwa kwenye kituo cha kuvukia mstari unaokigawa kisiwa, na ufuko wa Aphrodite uko upande wa pili. Tafuta tiketi inayosema Larnaca au Paphos, kupitia miji ya Ghuba au Athens, na uisome mara mbili.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Kupro ilikuwa koloni la Uingereza hadi 1960, kwa hiyo gari huendeshwa upande wa kushoto na soketi za umeme ni zile zile za pini tatu za nyumbani. Saa nazo ni rahisi: majira ya joto, kisiwa kiko sawasawa na saa za Nairobi na Dar es Salaam, majira ya baridi kiko nyuma kwa saa moja.

Fahamu hadithi kabla ya kuona mwamba

Bila hadithi, hiki ni kipande cha pwani nzuri tu. Na hadithi si moja.

Ya kwanza, inayojulikana duniani, ni ya Wagiriki wa kale. Mshairi Hesiod, aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba Kronos alichukua mundu aliopewa na mama yake Gaia, yaani Ardhi, akamkata baba yake Uranos sehemu za siri na kuzitupa baharini. Povu jeupe likazizunguka, na ndani ya povu akakua binti. Alipita kwanza karibu na kisiwa cha Kythira, kisha akafika Kupro na kukanyaga nchi kavu. Huyo ndiye Aphrodite, mungu wa mapenzi na uzuri. Hesiod anataja Kupro tu, hakuonyesha mwamba. Ni watu wa baadaye waliosema ni hapa, na ukiwa ufukoni siku ya mawimbi utaelewa kwa nini: wimbi linapogonga mwamba, povu hupanda juu kama nguzo, husimama kidogo, kisha huanguka. Wenyeji husema kuna siku za baridi ambapo nguzo hiyo huchukua umbo la mtu.

Hadithi ya pili ndiyo iliyoupa mwamba jina lake la Kigiriki, na watalii wengi hawaisikii kabisa. Petra tou Romiou ni Mwamba wa Mrumi, na Mrumi anayetajwa si wa Roma bali ni Mgiriki wa dola ya Bizanti, yaani Roma ya Mashariki. Shujaa huyo ni Digenis Akritas, mtu wa damu mbili, baba Mwarabu na mama Mgiriki, mlinzi wa mipaka mwenye nguvu zisizo za kawaida. Merikebu za Wasaraseni, ndivyo Waarabu Waislamu walivyoitwa, zilipokaribia pwani, Digenis aling'oa jabali kutoka milima ya Troodos na kuzirushia. Jabali hilo ndilo linalosimama baharini hadi leo, na jingine la jirani huitwa Mwamba wa Msaraseni. Kaskazini mwa kisiwa kuna mlima Pentadaktylos, Vidole Vitano, ambao umbo lake linasemwa ni alama ya mkono wa Digenis huyo huyo.

Ngano hii ina historia nyuma yake. Mashambulizi ya Waarabu dhidi ya Kupro yalianza katikati ya karne ya 7, wakati Muawiya akiwa gavana wa Sham. Katika msafara huo alikuwamo Ummu Haram binti Milhan, swahaba na jamaa wa Mtume Muhammad, aliyeanguka kutoka kwenye mnyama wake na kufia kisiwani. Kaburi lake liko Hala Sultan Tekke, kando ya ziwa la chumvi la Larnaca, karibu sana na uwanja wa ndege. Atuaye Larnaca anaweza kupita hapo kabla ya kushika njia ya magharibi, akaona tukio lile lile likikumbukwa na upande wa pili. Majira ya baridi ziwa hujaa maji na heroe.

Tatu ni imani ya kuogelea, na hapo kila mtu ana yake. Wengine husema ukiuzunguka mwamba mara tatu utapata uzuri usiochakaa. Wengine husema ni ujana, au mapenzi ya kweli, au mtoto kwa aliyekosa. Wapo wanaosisitiza iwe usiku wa mbalamwezi, na wapo wanaosisitiza upande wa kuzungukia. Usihangaike kutafuta masharti sahihi; hakuna aliyeyaandika. Ila sharti la kuogelea uchi, linalotajwa katika baadhi ya masimulizi, liache: kukaa uchi kwenye fukwe za umma hakuruhusiwi Kupro.

Wanajiolojia nao wana lao. Miamba hii mikubwa ni mawe ya chokaa yaliyojengwa na viumbe vya matumbawe katika kipindi cha Triasiki, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, wakati majabali meupe ya nyuma ya barabara ni chaki laini ya umri mdogo zaidi. Kwa hiyo miamba ya baharini kweli ni mgeni kati ya mawe ya jirani. Aliyetunga habari ya Digenis alikuwa na jicho.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Miezi mizuri ni Mei, Juni, Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto huzidi, hakuna kivuli cha asili ufukoni, na maegesho hujaa. Maji ya bahari hufika nyuzi 27 au 28 mwezi Agosti na kushuka hadi kama 17 mwezi Februari. Kwa mtu aliyezoea bahari ya Mombasa au Unguja, hizo 17 ni baridi ya kukata pumzi, na misuli hukakamaa haraka kuliko unavyodhani.

Saa ya kupiga picha na saa ya kuogelea ni tofauti. Asubuhi bahari hutulia. Kuanzia adhuhuri upepo wa magharibi huamka na kuleta mawimbi moja kwa moja kwenye ufuko huu, ambao umeelekea bahari wazi bila kisiwa wala mwamba mrefu wa kuukinga. Jioni ndipo mwanga unapokuwa mzuri. Kwa hiyo amua: ukitaka kuzunguka mwamba, njoo saa 2 asubuhi. Ukitaka kutazama tu, njoo alasiri na ubaki hadi jua lizame. Anayetaka yote mawili aje asubuhi, aende kijiji cha jirani cha Kouklia mchana, kisha arudi.

Mwezi Juni jua huzama karibu saa 2 usiku, na Desemba huzama mapema, karibu saa 10 na dakika 40 jioni. Wageni kutoka nchi za ikweta husahau tofauti hii. Nyumbani jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, hivyo mtu hufika saa 12 jioni mwezi Desemba na kukuta giza tupu.

Hatua ya 2: Pitia Kouklia

Kijiji cha Kouklia kiko kilomita chache kabla ya mwamba ukitokea Paphos. Ndipo ilipokuwa Palaipaphos, Paphos ya zamani, na ndipo palipokuwa na hekalu la Aphrodite lililovuta mahujaji kutoka pande zote za Mediterania. Ujenzi wa kwanza wa hekalu ni wa miaka kama 1200 kabla ya Kristo, na ibada iliendelea hadi wafalme wa Roma Wakristo walipozipiga marufuku ibada za kale mwishoni mwa karne ya 4. Eneo hili liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1980 pamoja na mabaki ya Kato Paphos.

Usitarajie nguzo ndefu. Kilichobaki ni misingi, pamoja na matofali ya mawe makubwa ajabu yaliyosimamishwa wima, mengine yakiwa na matundu. Cha kutafuta kiko ndani ya jumba la makumbusho, katika ngome ya zama za kati iliyo papo hapo: jiwe jeusi lenye umbo la pia. Mungu wa uzuri, ambaye wachongaji wa Ugiriki walimchonga kama mwanamke mrembo, hapa kwao aliabudiwa kwa jiwe lisilo na uso. Sarafu za enzi ya Roma zinalionyesha jiwe hilo likiwa katikati ya hekalu. Lione kwanza, kisha uende ufukoni. Utauangalia mwamba kwa macho mengine.

Kando ya magofu kuna kanisa dogo la Panagia Katholiki. Ibada ya Bikira Maria ilichukua nafasi ya ile ya kale, na wanawake wa kijiji waliendelea kwa muda mrefu kuwasha mishumaa kwenye mawe ya hekalu wakiomba maziwa kwa watoto wao. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti ukitaka kuingia.

Saa moja na nusu inatosha Kouklia. Majira ya baridi makumbusho huweza kufunga mapema, kwa hiyo usiipange kuwa ya mwisho.

Hatua ya 3: Njia

Kwa gari la kukodi kuna barabara mbili. A6 ni barabara kuu ya mwendo kasi, kikomo kilomita 100 kwa saa, na haipiti ufukoni. B6 ni ya zamani, ina kona, na ndiyo inayopita mbele ya mwamba. Ukitokea mbali tumia A6, kisha toka kwenye njia ya Kouklia au ile ya Petra tou Romiou na kufuata vibao vya kahawia. Uliza kampuni ya kukodisha mapema kama leseni yako inakubalika na kama bima inahusu uharibifu wa magurudumu na wa chini ya gari. Mara nyingi haihusu.

Maegesho yako upande wa nchi kavu wa barabara, si upande wa bahari. Hapo utakuta kibanda cha vinywaji na zawadi, pamoja na vyoo. Jaza chupa na maliza haja hapo, maana ufukoni hakuna kitu.

Sasa sikiliza hili vizuri. Kati ya maegesho na ufuko kuna B6, na magari hutokea kwenye kona kwa kasi. Usikatize barabara. Kuna njia ya watembea kwa miguu inayopita chini ya barabara, inayoanzia maegesho na kutokea kwenye kokoto za ufuko. Wanaoikosa ni wale wanaotazama bahari badala ya vibao. Vilevile usisimamishe gari ukingoni mwa barabara ili kupiga picha "kidogo tu". Dereva wa nyuma naye anatazama mwamba.

Kwa basi, namba 631 hutoka kituo cha bandarini cha Kato Paphos hadi Petra tou Romiou. Safari si nyingi kwa siku na ratiba ya baridi si ya joto. Kituoni piga picha ya ratiba ya siku hiyo, na hasa basi la mwisho la kurudi, kwa sababu huenda likaondoka kabla ya machweo. Basi linalounganisha Limassol na Paphos hupita barabara kuu na halitakushusha hapa. Ukikaa hadi giza bila gari, utahitaji teksi, na usiku teksi hazipiti kutafuta abiria. Ifungie mkataba mapema, na bei mwafikiane kabla.

Kuna kosa moja linalorudiwa kila msimu. "Mabafu ya Aphrodite" si hapa. Hayo ni bwawa dogo la maji baridi chini ya mti, upande wa kaskazini-magharibi, karibu na Latchi na rasi ya Akamas, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Ukimwambia dereva "Aphrodite" pekee unaweza kujikuta huko. Sema "Petra tou Romiou".

Hatua ya 4: Ufukoni

Beba maji lita 2 kwa mtu, kofia, mafuta ya kujikinga na jua, mwavuli ukiwa nao, taulo nene na viatu vya mpira vya kuingilia majini. Viatu hivyo si anasa. Ufuko ni wa kokoto za mviringo, ndogo kama yai la kware hadi kubwa kama ngumi, na chini yake hakuna mchanga wa kutegemea. Kandambili huteleza na kuchomoka mguuni. Miguu mitupu huungua saa 7 mchana mwezi Julai. Taulo nyembamba haisaidii, utahesabu kokoto kwa mbavu.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ana mazoea mawili ya bahari yanayopaswa kuachwa uwanja wa ndege. La kwanza ni kungojea maji. Unguja bamvua huweza kupandisha na kushusha bahari karibu mita 4, hivyo mtu hujua saa ya kutembea hadi mwambani na saa ya kurudi. Mediterania haina hayo. Kupwa na kujaa kwa Kupro ni chini ya nusu mita. Mwamba ulio majini asubuhi utakuwa majini jioni, na hakuna kupwa kutakakokupa njia kavu. Kinachobadilisha bahari hapa ni upepo. Tazama utabiri wa upepo, achana na kalenda ya mwezi.

La pili ni kutegemea tumbawe la nje livunje mawimbi. Hapa halipo. Wimbi hufika zima hadi miguuni, na kina huongezeka ghafla hatua chache kutoka ukingoni. Wimbi linaporudi huburuta kokoto chini ya nyayo zako, na wengi huangushwa si na wimbi linalokuja bali na lile linaloondoka. Ingia ukiwa umeinama, kwa ubavu, na ukishafika maji ya kiunoni anza kuogelea badala ya kusimama. Ukitoka, ngoja wimbi likusukume, panda nalo, usisite katikati.

Watoto wasiachwe hata kwenye maji ya magoti. Usipange safari ukitegemea kwamba kutakuwa na mwokoaji. Namba ya dharura ni 112.

Kwenye mawe ya majini kuna wale wanyama wa duara wenye miiba mirefu myeusi. Usishike mwamba kwa mikono mitupu. Yupo pia samaki simba, mwenye mistari na mapezi kama manyoya, ambaye miiba yake ina sumu. Ni wa kwetu, kutoka Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu. Alipita mfereji wa Suez na ameenea sana Kupro katika miaka ya 2010. Akikuchoma, loweka sehemu hiyo katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yasiunguze ngozi, kisha nenda hospitali. Bunju, samaki ambaye nyama yake ina sumu, naye amepita njia hiyo hiyo. Ukiona mtu kamvua, usikubali kualikwa.

Hatua ya 5: Kuzunguka mwamba, au kuacha

Rasmi, wageni hushauriwa wasiogelee kuuzunguka mwamba na wasiupande. Ushauri huo una sababu, na wengi wangefanya vema kuufuata. Anayeamua kujaribu basi awe mwogeleaji wa bahari, si wa bwawa la hoteli, na afuate mpango huu.

Kaa chini dakika 10 utazame shina la mwamba kabla hujavua shati. Mawimbi huja kwa mafungu: matatu madogo, kisha makubwa kadhaa. Ukitazama dakika moja tu utadanganywa na yale madogo. Povu likipanda juu ya shina la mwamba kuzidi kimo cha kiuno cha mtu, acha. Maji yakiwa na rangi ya udongo au ukiona mstari wa povu unaokwenda mbali na ufuko, acha. Huo ni mkondo unaotoka.

Iwe asubuhi, mwe wawili wanaoogelea na mmoja anayebaki nchi kavu na simu. Vaeni mapezi ya mpira na kofia za rangi kali. Zungukeni mkiwa umbali wa mita 5 au zaidi kutoka kwenye mwamba. Sababu ni hii: wimbi likigonga mwamba hurudi na kukutana na lijalo, na maji karibu na mwamba hupanda na kushuka bila utaratibu, aliye karibu hutupwa kwenye mawe makali. Sehemu mbaya kuliko zote ni upande wa nyuma, kati ya mwamba na ufuko, kwa kuwa mawimbi huuzunguka mwamba pande zote mbili na kugongana hapo, juu ya mawe yaliyo karibu na uso wa maji. Mkifika hapo subirini nje hadi fungu la mawimbi makubwa lipite, ndipo mvuke.

Mzunguko mmoja ukiwachosha, tokeni. Mara tatu ni za hadithi. Mkondo ukikuchukua, usipigane nao kuelekea ufukoni. Ogelea sambamba na pwani mpaka utoke ndani yake, kisha ndio urudi kwa mshazari.

Kupanda mwamba ni jambo jingine ambalo huonekana rahisi kwa sababu kuna wanaofanya. Mawe yake ni makali, yamelika na chumvi, na kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Hakuna cha kuona kule juu ambacho hakionekani vizuri zaidi kutoka barabarani.

Hatua ya 6: Picha na machweo

Picha zile zinazochapishwa kwenye kadi hazikupigwa ufukoni. Zimepigwa kutoka juu, upande wa Limassol, ambako barabara inapanda mlima na kuna mahali pa kusimama na kutazama mandhari. Ukiwa huko unaangalia magharibi: miamba iko chini yako, ufuko umejipinda, na jua linashuka nyuma yake. Ukipiga ukiwa chini, mwamba huonekana kama jiwe kubwa, basi.

Fika dakika 45 kabla ya machweo. Dakika 20 za mwanzo mwanga bado unapiga yale majabali meupe na bahari ina rangi ya feruzi karibu na ufuko. Hizo ndizo picha za rangi. Jua likikaribia upeo, mwamba hugeuka kivuli. Kwa simu, gusa skrini mahali penye anga karibu na jua, si juu ya mwamba, kisha punguza mwanga kidogo. Vinginevyo anga yote itaungua kuwa nyeupe. Egesha ndani kabisa ya nafasi iliyotengwa, na watoto washuke kwa mlango usioelekea barabara.

Mambo ya kuacha yalipo

Utaona majina na mioyo iliyopangwa kwa kokoto, na vichaka vilivyofungwa vitambaa vya nadhiri. Desturi ya vitambaa ni ya kweli na ya zamani kisiwani. Mti maarufu zaidi ni ule wa pango la Agia Solomoni, mjini Kato Paphos, ambako wagonjwa hufunga kipande cha nguo. Lakini karatasi za chooni zenye unyevu, mifuko ya plastiki na barakoa ni takataka tu, hata zikifungwa kwa nia njema. Ukitaka kufunga kitu, kiwe uzi wa pamba.

Kokoto zenye umbo la moyo zinatafutwa sana. Zipange, zipige picha, uziache: sheria ya Kupro ya kulinda fukwe inakataza kuchukua mchanga na mawe.

Chakula

Kibandani utapata vitu vya kawaida. Mlo mzuri uko Kouklia, kwenye mikahawa ya uwanja wa kijiji. Muislamu ajue mapema kwamba souvlaki ya Kupro kwa kawaida ni nyama ya nguruwe isipotajwa kuku, na sheftalia, vijisoseji vya kuchoma, hufungwa kwa utando wa mafuta wa nguruwe hata nyama ya ndani ikiwa imechanganywa. Halloumi ya kuchoma, samaki, kunde na mboga ni salama kuagiza, ila omba isichomwe kwenye wavu mmoja na nyama.

Ukirudi Paphos utapita Yeroskipou (huandikwa pia Geroskipou), mji ambao jina lake latokana na bustani takatifu ya Aphrodite, iliyokuwa kwenye njia ya maandamano ya mahujaji kwenda hekaluni. Mji huo hutengeneza loukoumi, vitamutamu vya wanga, sukari na maji ya waridi, ambavyo mlaji wa haluwa ya Unguja ataelewana navyo mara moja. Jina la loukoumi ya Geroskipou limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2007. Nunua boksi lililofungwa siku ya mwisho, kwani unga wa sukari humwagika kwenye begi, na ulize ile isiyo na kilevi ukihofia, maana baadhi ya maduka huuza vionjo vya pombe pia.